Ni Baba ya Mtu

Jumapili iliyopita Kevo alinifumania nikiusalimia mti.

Tulikuwa tukitoka kanisani kwa njia ya mkato inayozunguka nyuma ya shule yetu ya bweni, huku Rangwe, na nilikuwa nimejichelewesha makusudi ili wenzangu watangulie. Mti wenyewe uko penye kona. Ni yago, ule unaoning'iniza matunda marefu ya kijivu kwenye kamba zake kama soseji za jitu. Vitabuni huitwa mwegea. Mvua ilikuwa imeyaangusha maua yake, yale makubwa yenye rangi ya damu iliyokauka, nayo yalikuwa yanaoza njiani, yananuka kama shati bichi lililosahauliwa kwenye beseni. Harufu hiyo ikinipata huwa sina ujanja. Niliinua mkono kidogo, kama mtu anayekuna sikio, nikasema kwa sauti ya chini, "Oyawore, Baba." Yaani, umeamkaje, Baba.

"Buda, unaongea na nani?" Kevo alikuwa amerudi kunitafuta. Kevo ni jirani yangu wa kitanda, yeye juu, mimi chini.

"Mbu. Alitaka kuingia sikioni."

"Na umemwambia oyawore?"

"Mbu wa Rangwe wamelelewa na misheni. Bila salamu hawatoki."

Kevo akacheka mpaka akaegemea mti. Mimi ndiye mchekeshaji wa bweni letu, na faida ya kazi hiyo ni kwamba ukijibu swali la kwanza kwa kichekesho, hakuna mtu anayekuuliza la pili. Lakini masikio yangu yaliwaka moto hadi wakati wa chakula. Ile aibu niliitambua mara moja. Tulisoma nayo Gredi ya Tatu kule Sori, na nilidhani ilishahama shule.

Nawaambia ninyi wa rika langu kwa sababu mtaala wetu mpya, wa kujifunza kwa vitendo, mnaujua. Sisi ndio panya wa majaribio. Mnakumbuka jioni ambazo mzazi alizunguka soko zima akitafuta manyoya ya kuku kwa sababu "mwalimu amesema". Mnakumbuka sanamu ya kufukuza ndege iliyosimama shambani imevaa sketi ya mama, na mama yuko nyumbani bado anaitafuta. Walimu wengi walifanya mambo hayo huku wakipiga miayo. Madam Boke aliyafanya kana kwamba waandishi wa mtaala walimchungulia yeye dirishani, wakaandika walichokiona.

Alikuwa mgeni kwetu. Sori ni mahali pa samaki, na yeye alikuwa Mkuria wa milimani, upande wa Kehancha, ambako ng'ombe ana jina na samaki hana. Wamama wa ufuoni walimwita nyar Kuria, binti wa Wakuria, na walimwonea huruma kwa sababu alikula samaki kama mtu anayetegua bomu. Alikuwa na viganja vipana. Akifundisha, alitembea kati ya madawati akiwa amelaza rula ya mbao mabegani, mikono yote miwili imening'inizwa juu yake, kama mchungaji na fimbo yake. Hakutuficha alikotoka. Alituambia kwamba alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka mdogo wake wa kiume alipoweza kushika fimbo, ndipo akaruhusiwa kuanza Darasa la Kwanza, mrefu kuliko wote, amekunja magoti kwenye dawati la watoto kama panzi.

"Mwalimu alikuwa anaongea, anaandika, anafuta," alituambia. "Mimi hola. Mpaka siku moja nikatoka nje, nikaokota mawe, nikayapa majina ya ng'ombe wetu, nikawatoa wale waliopotea. Hapo ndipo hesabu ya kutoa iliniingia. Kwa hivyo sitaki mtu aniambie ameelewa. Shika kwanza. Kuelewa kutakuja nyuma yako, kama ndama."

Shika kwanza. Hilo lilikuwa neno lake asubuhi na jioni. Kugawanya alitufundisha kwa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Kila kikundi kilipewa kikombe cha omena kavu, tukazigawa sawasawa juu ya gazeti, na zile zilizosalia, ambazo hesabu huziita baki, zikaenda kwa paka wa shule. Mpaka leo nikikosea kugawanya namwona yule paka akinitazama kwa matumaini. Kusoma saa tulijifunza kwa kulala chini uwanjani. Awuor, jirani yangu wa dawati, alikuwa mshale wa dakika kwa sababu ya miguu yake mirefu. Mimi nilikuwa mshale wa saa kwa sababu ya ufupi, ambao nashukuru umeniacha kidogo. Kila Awuor alipozunguka akanifikia, alipiga kelele, "Madam, hii saa inanuka!"

Na kweli nilinuka. Nilikuwa sitaki kuoga.

Uso nilinawa, na miguu ikibidi, haraka haraka, kama paka. Lakini kuingia kwenye karai la maji nikakaa, hapana. Mama alidhani ni uvivu. Alinikimbiza na kitambaa cha sabuni kuzunguka nyumba, na majirani walituangalia kama televisheni. Sikumwambia sababu kwa kuwa nilidhani anaijua kuliko mimi. Alikuwepo.

Baba yangu alipotea ziwani upande wa Muhuru Bay, tulikokuwa tukiishi zamani. Alikuwa mvuvi wa omena. Mashua ilirudi na wenzake, na taa zao, na koti lake, yeye akabaki. Walimtafuta mpaka watu wakaanza kuzungumza kwa sauti za chini. Na kwetu sisi Wajaluo, mtu akimezwa na maji asionekane, haachwi hivihivi bila kaburi. Wazee hutafuta tunda la yago, hulifunga kwa shuka, hulilaza ndani ya jeneza na kulizika kwa vilio na nyimbo kama mtu kamili, ili familia ipate mahali pa kulilia na marehemu apate kwao. Kila mtu mzima anajua hivyo. Ndiyo maana hakuna mtu mzima aliyefikiria kunieleza.

Nilikuwa mdogo wa kubebwa. Mjomba aliniinua juu ya vichwa vya watu ili nisikanyagwe, na kutoka huko juu nikaona mahali shuka ilipokuwa imefunguka. Niliona kitu kirefu, kijivu, chenye ngozi ngumu iliyokwaruzika na shingo nyembamba. Hakuna aliyeshtuka. Wanawake walikuwa wanakililia kwa jina: "Wuon Odhis! Wuon Odhis!" Maana yake baba Odhis, na Odhis ni mimi. Basi nikaamini macho yangu.

Mtoto ana akili kama mtu mwingine. Shida yake ni vifaa anavyopewa. Mimi nilipiga hesabu yangu hivi. Mama akiniweka kwenye karai muda mrefu, vidole vyangu hukunjamana na kubadilika rangi. Baba alikaa majini muda mrefu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kwa hivyo mtu akizidisha, hukunjamana vidole, halafu mikono, halafu uso, mpaka anakuwa vile.

Tulipohamia Sori, Mama akaanza biashara ya omena, na mimi nikaanza shule. Kwenye njia ya shule nikakuta mti mzima umejaa watu.

Sikuogopa. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko kama ningekimbia. Nilielewa papo hapo, kwa ujasiri wote wa mpumbavu. Sori kila kitu kinachotoka majini huanikwa: omena huanikwa, nyavu huanikwa, makoti ya wavuvi huanikwa, hata mashua hupinduliwa juani. Basi na hawa walikuwa wameanikwa, wakingoja watu wao waje kuwachukua wakawazike. Wa kwangu alikuwa na bahati, alichukuliwa. Wale walioning'inia pale msimu baada ya msimu niliwahurumia, nikaanza kuwasalimia nikipita. Wote walikuwa wakubwa kwangu, kwa hivyo wote niliwaita Baba.

Ningekuwa na miaka minne mngesema, maskini mtoto. Nilikuwa na minane! Awuor, umri uleule, alikuwa anajua kuwasha pikipiki ya kaka yake na kuitoa nje ya boma. Mimi niliinamia matunda. Na darasani nilikuwa nimetangaza kwamba mshua wangu, yaani baba, yuko Homa Bay, fundi wa injini za mashua, mtu wa kazi nyingi, akipata nafasi atakuja na aiskrimu kwa darasa zima.

Asubuhi moja Madam Boke aliingia darasani amebeba kitu mgongoni, amekifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Alikuwa anatabasamu. Akafungua leso, akashusha mzigo wake mezani kwa madaha, na hapo ilikuwepo yago, ndefu kama mkono wa mtu mzima.

Darasa likanyamaza. Kumnyamazisha mtoto wa Sori ni kazi, na yeye alidhani ni hamu ya kujifunza.

"Mnaijua hii?" akauliza. "Huko kwetu ndiyo ilikuwa mwanasesere wetu. Tulibeba, tukaogesha, tukaimbia mpaka ilale. Leo tutaipima uzito, halafu tutaipasua tuhesabu mbegu."

"Madam," mtu akasema kutoka nyuma, "hiyo ni kitu ya matanga."

"Matanga gani? Ni tunda. Njooni mshike."

Hakuna aliyeenda. Akaipima mwenyewe kwenye mizani yake ya mpini wa jembe na mabeseni mawili, matofali upande huu na yago upande ule, akiongea peke yake kwa furaha, na kila beseni lilipoyumba mimi nilishika ukingo wa dawati. Nilikuwa najiambia, ni kupima tu, hata hospitalini watu hupimwa. Kisha akatoa msumeno wa kuazima. Akaweka kiganja chake kipana juu ya tunda ili lisicheze, akalaza meno ya msumeno katikati, pale ambapo mtu huvaa mshipi.

Nilijikuta nimesimama. "Madam, usikate."

"Kwa nini, Odhis?"

Msumeno ukasogea kidogo. Sikuchagua maneno, yalitoka yenyewe, kwa sauti nyembamba ya kuku aliyeshikwa.

"Usimkate! Ni baba ya mtu!"

Awuor, ambaye hakuwa na ubaya, alitaka tu kujua, akauliza, "Baba ya nani?"

Huo ulikuwa wakati wa kichekesho. Kichekesho kimoja tu kingeniokoa. Badala yake nikamjibu. "Sijui wa nani. Lakini wangu alikuwa hivyo. Sasa watu wake wakija watamzika vipande?"

Kicheko kilipasuka. Mimi kicheko nilikuwa nimekizoea. Kilikuwa mali yangu, mimi ndiye niliyekigawa darasani kama omena. Hiki hakikuwa changu. Kilitoka kila upande kikanikuta nimesimama katikati, na kwa kuwa nimeamua kusema, nitasema yote: kaptura yangu ilikuwa imelowa. Mtu aliyekimbia maji maisha yake yote. Madam Boke hakucheka. Alikuwa ameuacha msumeno umekwama pale pale kwenye ganda, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani akasikia kinalia. Nikatoka mbio.

Tangu siku hiyo nilivaa sare kila asubuhi, nikamuaga Mama, nikaenda kukaa nyuma ya mashua mbovu zinazongoja kuzibwa. Kurudi darasani sikuweza. Wenzangu walijua mahali nilipo, na wakitoka shule walipitia pale makusudi.

"Odhis! Mshua ameanguka barabarani, kuja umwokote!"

"Fundi wa injini! Ati siku hizi ameota majani!"

Nililala kifudifudi nyuma ya ubao wa mashua nikapanga maisha yangu upya. Nitaacha shule. Nitakuwa mvuvi. Halafu nikakumbuka naogopa maji. Kumbe Sori mtu anayeogopa maji na anayeona aibu ya shule hana kazi kabisa, labda awe korongo, na hata korongo huoga.

Jumamosi nilikuwa na Mama ufuoni, tunageuza omena juu ya nyavu kuukuu, nilipomwona Madam Boke anakuja kwa viatu vya kanisani vinavyozama mchangani. Mgongoni alikuwa na leso imefungwa.

"Karibu, Japuonj," Mama akamwambia. Ndivyo tunavyomwita mwalimu. "Kumbe una mtoto mdogo?"

"Si mtoto, Mama Odhis." Akashusha mzigo kwa uangalifu. Ilikuwa yago, na mkwaruzo wa msumeno tumboni. "Ni hii kitu. Nisaidie. Nimeuliza kila mtu, hakuna anayekubali kuitupa. Mwenye nyumba anasema isilale kwake. Mwalimu mkuu anasema niirudishe kwa mti. Nitairudisha na nini, gundi? Nimekaa nayo kwa nyumba. Kuiweka chini naogopa, nikaipa kiti. Sasa nikila naona aibu, ni kama simkaribishi mgeni."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga, na mimi sikuwa nimesikia kicheko kile tangu Muhuru. Kisha akauliza kwa nini mwalimu alete jambo hilo kwake, na Madam Boke akaeleza: msumeno, nilivyopiga kelele, na kwamba tangu siku hiyo dawati langu liko tupu.

"Tupu?" Mama akanigeukia polepole. "Na sare ninayofua ni ya nani?"

Niliwatazama omena. Omena hawana kope, hukutazama tu.

"Odhis. Ulidhani nini?"

Nikamwambia. Niliwaambia omena, kwa kweli, lakini yeye alisikia: vidole kwenye karai, Baba na maji mengi, mti wa kuanikia watu. Mama alicheka tena, amefunika mdomo kwa mkono wenye magamba ya samaki, na nikatamani ardhi ya Sori inimeze na mimi pia wanitafutie tunda. Halafu kicheko chake kikakatika katikati.

"Ndiyo maana huogi," akasema. "Miaka yote hii nakukimbiza na sabuni."

Madam Boke alijikuna kidevu, akachukua omena mmoja kutoka kwenye wavu, akamgeuza geuza.

"Mimi nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa," akasema, "na nilijua omena wanalimwa."

"Wanafanywaje?" Mama akauliza.

"Wanalimwa. Kwetu wanakuja kwa gunia, wamekauka, wanapimwa kwa kopo kama maharagwe. Ziwa sijawahi kuliona. Mwalimu akasema tuchore chakula kinakotoka. Nikachora shamba, nikachora jembe, nikachora mama anapalilia omena, na hawa wadogo wanachomoza kwa udongo, vichwa juu. Mwalimu aliinua picha yangu darasa lote lione. Mpaka leo nikinunua omena sokoni huwa naangalia nyuma kwanza."

Mama hakujaribu hata kujizuia. Na mimi, nikiwa katikati ya fedheha yangu, niliwaona wale omena wamesimama kwenye mistari wakingoja mvua, nikacheka. Madam Boke alicheka pia, lakini masikio yake yalikuwa meusi zaidi, na nikajua yanawaka. Nilikuwa sijui kwamba mtu mzima huendelea kuwaka.

"Leta karai," akaniambia. "Na maji."

Tulikaa chini sote watatu, karai katikati. Yeye akazamisha mikono yake mipana mpaka vifundoni. Mama akazamisha yake. Mimi nikaficha yangu kwapani.

"Tutakaa hapa mpaka vidole vikunjamane," Madam akasema. "Tuone nani atageuka tunda. Odhis, shika kwanza."

Nikaingiza kidole kimoja, kisha kingine. Tulikaa. Ni jambo la ajabu, watu wazima wawili wamekaa kwenye mchanga saa za kazi wameloweka mikono. Wanaume waliokuwa wakitengeneza nyavu waliacha kutengeneza. Ukikaa hivyo hakuna la kufanya isipokuwa kuongea, na Mama akaongea. Alisema Baba alikuwa mjinga kama mimi. Alikuwa anameza omena hai kutoka kwenye wavu, anajishika tumbo na kusema wanamcheka ndani. Alikuwa hajui kushona wavu hata kidogo, siku moja alishona vidole vyake ndani. Kisha, akiangalia maji ya karai, akasema, "Hakugeuka kitu, Odhis. Yuko huko ziwani, vile vile alivyokuwa. Ile tulizika ni kwa sababu watu walitaka kitu ya kubeba. Hata mimi niliwaambia, kabla hawajafunga, wacha nishike kidogo."

Madam Boke hakusogeza hata kidole.

Tulipotoa mikono, ilikuwa imekunjamana yote, sita, kama mikono ya mabibi watatu. Tukailaza juu ya wavu kati ya omena, viganja juu, juani. Nilitazama vidole vyangu bila kupepesa. Polepole ngozi ikajinyoosha. Ikarudi kuwa ngozi.

"Umeona?" Madam akauliza.

"Nimeona. Vimerudi." Halafu nikauliza kilichokuwa kimebaki, ile baki. "Sasa yeye mbona hakurudi?"

Kwa somo hilo Madam Boke hakuwa na kifaa.

"Yeye hakutolewa majini," Mama akasema.

Akainuka, akapangusa mchanga, akaliinua lile tunda, akalipakata kidogo kupima uzito wake, akalirudisha mikononi mwa mwalimu. "Likate, Japuonj. Ni tunda. Na huyu atakuja Jumatatu, ameoga."

Niliogeshwa, jamani. Jumatatu nilifika nang'aa kama sufuria ya harusi, na darasa lilikuwa limejiandaa: kuna aliyeweka jani kwenye kiti changu. Nikaliondoa. Madam Boke aliweka tunda mezani, mkwaruzo juu, akanipa msumeno mimi, akauliza nani atalishika lisicheze. Hakuna aliyesogea; ni watoto wa ziwani, kucheka ni kitu kimoja na kugusa ni kingine. Nikaanza kuliegemeza peke yangu, likabingirika, mtu akaguna kicheko.

"Wewe nyamaza," Awuor akasema. Akaja, akalibana kwa mikono yote miwili, amegeuza uso pembeni. "Kata haraka."

Ganda lilikuwa gumu kama ubao. Lilipofunguka, ndani palikuwa peupe kama muhogo, nyuzinyuzi tupu, na mbegu zimepachikwa kila mahali kama za boga. Darasa zima lilikuja mbio likainama.

"Hakuna mtu," Awuor akaniambia. Hakuwa ananitania. Ilikuwa sauti ya kumpa mtu habari.

Wengine wakainuka, wakaanza kuhesabu mbegu. Mimi nilibaki nimeinama. Nilikuwa nimeshaelewa, mikono nilikuwa nimeiloweka, vidole niliviona vikirudi, na bado nilitafuta. Nilichokoa kati ya nyuzi kwa kidole, polepole, upande huu na upande ule, mbele ya watu wote. Nilihisi kiganja kipana mgongoni pangu. Nilidhani kinanivuta nirudi kitini. Kilikuwa kimekaa tu, kikanisubiri nimalize.

Jana tulikuwa kwenye mfereji mimi na Kevo, tunafua sare za wiki. Tulikuwa tumefua muda mrefu kwa sababu Kevo hufua kola kama mtu anayefuta ushahidi. Nilimwona anasimama, anatazama vidole vyake vilivyokunjamana, kisha ananitazama mimi.

"Odhis," akasema. "Yule mbu. Alikuwa nani?"

Kichekesho kilikuwa tayari mdomoni. Nilikisikia kikijipanga. Nikaangalia vidole vyangu, vyeupe, vya bibi, masikio yakaanza kuwaka.

"Baba ya mtu," nikamwambia, nikasogea kidogo ili apate nafasi ya kukaa.